Barnato: Bosi aliyejipanga mwenyewe kikosini, akabeba kombe mara tatu

Vuta picha. Tajiri mmoja anainunua klabu yako ikiwa hoi kwa madeni. Analipa mishahara, anasajili, anakuwa mwenyekiti. Halafu siku ya fainali anavua koti, anavaa jezi na kuingia uwanjani yeye mwenyewe. Jukwaani mnaanza kuguna, mnajua leo tumekwisha. Dakika 90 zikiisha, kombe liko mikononi mwake. Mwaka unaofuata anarudia. Na mwaka wa tatu tena.

Kwenye soka hilo halijatokea, ila kwenye mbio za magari limetokea. Jamaa aliitwa Woolf Barnato, Mwingereza, na uwanja wake ulikuwa Le Mans kule Ufaransa, kwenye mbio za saa 24. Alishiriki mara tatu tu, 1928, 1929 na 1930, na zote akashinda. Le Mans wamepita madereva wenye makombe mengi kuliko yeye, lakini hao wote kuna siku walipoteza. Barnato hakupoteza hata moja.

Na hakuwa dereva wa kulipwa. Alikuwa mtu wa ridhaa, anaendesha kwa sababu anapenda na kwa sababu pesa ipo.

PESA YA KIMBERLEY

Hiyo pesa ilitoka Afrika. Baba yake, Barney Barnato, alizaliwa kwenye mitaa ya walalahoi mashariki mwa London, akaenda Afrika Kusini mwaka 1873 kubahatisha kwenye almasi za Kimberley. Alipanda mpaka akawa mpinzani mkubwa wa Cecil Rhodes, na mwaka 1888 wakaunganisha nguvu kwenye kampuni ya De Beers. Tusisahau almasi hizo zilichimbwa na nani: vijana weusi waliofungiwa kwenye kambi na kupekuliwa kila wakitoka mgodini.

Woolf alizaliwa London Septemba 1895. Hakuwa ametimiza hata miaka miwili baba yake alipodondoka baharini kutoka kwenye meli, wakiwa safarini kurudi Uingereza mwaka 1897. Mtoto akabaki na utajiri wa kutisha. Akasoma Cambridge, akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye kikosi cha mizinga, akarudi akiwa kapteni.

Baada ya hapo ikawa ni michezo tu. Alipiga ngumi, alikimbiza maboti, alicheza kriketi, tena siyo ya mtaani: kati ya 1928 na 1930 aliidakia Surrey mechi sita za daraja la kwanza. Wenzake walimpa jina la utani la Babe, yaani kichanga, kwa kejeli, maana alikuwa pande la mtu.

Mwaka 1925 alinunua Bentley. Alilipenda gari hilo kiasi kwamba mwaka uliofuata aliinunua na kampuni yenyewe. Walter Owen Bentley, fundi aliyeianzisha mwaka 1919, alijua kuunda injini lakini hesabu za fedha zilimshinda. Barnato akamwaga zaidi ya pauni 100,000, madeni yakalipwa, yeye akawa mwenyekiti na mwanzilishi akabaki mwajiriwa kwenye kampuni yenye jina lake. Hapo weka alama, tutaparudia.

SAA 24, MARA TATU

Le Mans ya miaka ile ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida za vijijini, zenye vumbi na kokoto. Gari halina paa, taa ni hafifu, na usukani unahitaji misuli. Mnaanza saa 10 jioni, mnapokezana madereva wawili, mpaka saa 10 jioni ya kesho.

Mwaka 1928 aliendesha na Bernard Rubin, mzaliwa wa Australia. Stutz la Marekani liliwasumbua usiku kucha. Asubuhi Stutz likapoteza gia ya juu, watu wa Bentley wakaanza kupumua. Kumbe na wao wana ugonjwa wao: chesisi imepasuka, bomba la rejeta limechomoka, maji yanamwagika na injini inachemka. Barnato akiwa kwenye usukani, hakukanyaga mafuta kwa hasira. Alilibembeleza gari kama mtu anayebeba mayai, huku akipiga hesabu ya muda uliobaki, mpaka mwisho. Bingwa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo mechi yake bora. Gari zima kila mtu anaweza kuendesha.

Mwaka 1929 wala haikuwa mechi. Akiwa na Tim Birkin kwenye Bentley Speed Six, walishinda, na Bentley ikachukua nafasi nne za kwanza zote. Ilifika hatua wakaambiwa wapunguze mwendo wasije wakaua magari bure.

Lakini 1930 Wajerumani walikuja. Mercedes moja tu, lakini ndani yake yupo Rudolf Caracciola, moja ya madereva hatari kuliko wote wa zama zile. Mercedes ilikuwa na mtambo wa kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu, ila ukiutumia muda mrefu unaichosha injini. Bentley wakacheza kitimu, wakawa wanambana Mjerumani kwa zamu, asipate nafasi ya kupumzisha mtambo. Birkin alimpita huku tairi lake likichanika vipande. Barnato naye akaendelea kumkaba. Usiku wa manane taa za Mercedes zikafifia, umeme ukakata, safari ikaishia hapo. Barnato na Glen Kidston wakashinda kwa gari lilelile la mwaka 1929.

Bentley mwenyewe, fundi asiyekuwa na sababu ya kumpamba, alimweka juu ya madereva wote waliowahi kumwendeshea. Sababu ilikuwa moja: alifuata maelekezo na hakufanya makosa. Mwenye timu anayemtii kocha! Wangapi unawajua?

DAU LA PAUNI 100

Siyo kwamba alikuwa mtulivu siku zote. Machi 1930, kule Cannes, watu walikuwa wanasifia gari jingine lililoishinda kasi Treni ya Bluu, ile ya kifahari iliyotoka kusini mwa Ufaransa hadi Calais. Barnato akasema hilo dogo. Akaweka dau la pauni 100 kwamba atafika London kabla treni haijaingia Calais.

Aliondoka saa 11:45 jioni na rafiki yake Dale Bourn, mchezaji gofu. Wakapigwa na mvua, wakapoteza muda wakisaka mafuta usiku, wakakutana na ukungu karibu na Paris, wakapata pancha, wakavuka bahari kwa meli. Saa 9:20 alasiri wakaegesha London. Dakika nne baadaye, treni ikafika Calais.

Wafaransa wakampiga faini ya kama pauni 160 kwa kukimbizana barabarani. Yaani alishinda dau akapata hasara.

ALIPOFUNGA POCHI

Baada ya 1930 alistaafu mbio. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, hakuna wa kununua magari ya bei ile, na mwaka 1931 Bentley ikahitaji tena pochi ya mwenyekiti. Safari hii akakataa. Kampuni ikaingia mikononi mwa mfilisi, Rolls-Royce wakainunua. Mwaka 1934 Barnato alikuwa mkurugenzi kwenye Bentley mpya chini ya Rolls-Royce, wakati mwanzilishi alikuwa ameipoteza kampuni yake moja kwa moja. Wapo wanaosema bila yeye Bentley ingekufa 1926, na ni kweli. Lakini mzee Bentley alilipa gharama kubwa kwa miaka ile mitano, na mimi hapo nashindwa kumpigia Barnato makofi.

Wale watatu alioshinda nao hawakudumu. Kidston alikufa kwa ajali ya ndege kwenye milima ya Drakensberg, Mei 1931. Birkin aliungua mkono akiwa kwenye mbio za Tripoli mwaka 1933, akafa wiki chache baadaye. Rubin alichukuliwa na kifua kikuu mwaka 1936. Barnato akabaki peke yake. Vita ya Pili ilipokuja alivaa sare za jeshi la anga, kazi yake ikiwa ulinzi wa viwanda vya ndege.

Alifariki Julai 27, 1948, baada ya upasuaji wa saratani, akiwa na miaka 52. Binti yake Diana alikuwa rubani, wakati wa vita alikuwa akipeleka ndege za kivita kwenye vikosi. Mwaka 1963 akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuruka kwa kasi kuliko sauti.