Mehta: Amin alimfukuza, Safari ikampa ufalme

UKIPITA kwenye mabanda ya gemu Bukoba mjini au Muleba, utawakuta vijana walioweka mpira pembeni kidogo na kuhamia kwenye rali. Wazoefu wana mtihani wao. Ingia kwenye mipangilio, zima kila msaada. ABS, zima. Kizuizi cha tairi kuserereka, zima. Gia otomatiki, zima. Ule mstari unaokuonyesha wapi ukanyage breki, nao uondoke. Kona ya kwanza gari linageukia lilikotoka, banda zima linaangua kicheko, na hela ya mchezo imeshaliwa.

Shekhar Mehta alianzia hapo ambapo vijana hao wanajitahidi kufika. Magari aliyoshinda nayo Safari Rally mara tano hayakuwa na msaada wowote wa kuwasha wala kuzima, na barabara zenyewe hazikufungwa. Ng'ombe walikatiza, malori yalikuja mbele, na mvua za Pasaka zilinyesha zilivyotaka. Dereva aliyekosea hakuwa na kitufe cha kurudia.

Alizaliwa Uganda, 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Pesa haikuwa shida, tuseme ukweli, na bila pesa rali haichezwi. Akiwa na miaka 21 aliingia mashindanoni na BMW. Lakini pesa hainunui mguu. Dereva wa Fuso anayeshusha ndizi kutoka vijijini Muleba wakati wa mvua analijua hili vizuri: ukibana breki kwenye tope tairi zikagoma kuzunguka, usukani unakuwa pambo tu. Lazima uachie kidogo ili gari likubali kukata kona, halafu ubane tena. Leo ABS inafanya hivyo yenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mehta aliifanya kwa mguu, usiku, macho yakiwa yamekosa usingizi, kwenye gari linalosukumwa na tairi za nyuma. Ukizidisha mafuta kidogo, mkia unatangulia.

Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili ya Safari akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyohiyo. Wakati huo Safari ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima, na ilikuwa inatafuna magari kwelikweli. Mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari 7 tu. Kumaliza wa pili hapo si mchezo.

Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Mehta akawa mmoja wa waliopoteza nyumbani. Alihamia Kenya, na miezi mitano baada ya siku hizo kwisha alikuwa kwenye Datsun 240Z akishindana Safari ya 1973, Lofty Drews akiwa pembeni yake. Walipofika mwisho, alama zake za adhabu zilikuwa sawasawa na za Harry Källström wa Sweden. Kanuni zikaamua: ushindi ni wa aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta.

Baada ya hapo alikaa miaka sita bila kuigusa tena nafasi ya kwanza. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976, na kulikuwa na waliodhani Mehta amekwisha.

Kisha ikaja Pasaka ya 1979, ambayo watu wa Kagera wanaikumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kuteka ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Tanzania ikajibu, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Siku iliyofuata, Alhamisi, Safari ikaanza Kenya. Mtu aliyefukuzwa na Amin akakaa nyuma ya usukani wakati Amin mwenyewe ameshapoteza mji mkuu.

Wapinzani wake hawakuwa wa kubezwa. Mercedes walileta 450 SLC, gari la injini ya lita 5, silinda 8, na gia otomatiki. Gari linajibadilishia gia, dereva anashughulika na njia tu. Mojawapo alipewa Hannu Mikkola wa Finland, mshindi wa 1972. Mehta alikuwa na Datsun 160J, kigari cha silinda 4 na lita 2, gia za kubadili mwenyewe. Takribani kilomita 5,000 baadaye, Mehta na msoma ramani wake Mike Doughty walikuwa wa kwanza, Mikkola wa pili.

Wakati huo Safari ilishaachana na barabara za Uganda na Tanzania, hivyo Mehta hakupata nafasi ya kushindania kule alikozaliwa. Alishinda tena 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo. Mwaka huo wa mwisho alimwacha nafasi ya pili Walter Röhrl, Mjerumani aliyemaliza msimu akiwa bingwa wa dunia. Carl Tundo wa Kenya baadaye alifikisha ushindi wa tano, lakini wa kuvuka idadi hiyo bado hajaonekana.

Mwaka 1987, kwenye rali ya jangwani Misri, Mehta alipata ajali mbaya iliyomlaza hospitali kwa muda mrefu na kumtoa kwenye mashindano. Mkewe Yvonne, ambaye naye alimsomea ramani katika rali nyingi, aliendelea kuwa naye. Akageukia uongozi, na baadaye akawa mwenyekiti wa kamisheni ya rali ya FIA, akitunga kanuni za madereva ambao magari yao sasa yalijaa kompyuta.

Alifariki London, 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya kabla ya Pasaka. Enzi zake, siku kama hiyo magari yangekuwa Nairobi, yakisubiri kuondoka.