Rembrandt: Alichora ndoa za wenzake, yake ikamponyoka

MWAKA wa 1633, Jan Rijcksen, fundi mashuhuri wa kuunda merikebu mjini Amsterdam, Uholanzi, alichorwa pamoja na mkewe Griet Jans kwa rangi ya mafuta. Walikuwa wazee walioishi pamoja kwa miaka mingi. Aliyepewa kazi hiyo ni Rembrandt van Rijn, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30.

Aghalabu enzi hizo mume na mke walichorwa kila mmoja katika picha yake, kisha picha hizo zikatundikwa sambamba ukutani. Rembrandt aliwaweka pamoja. Mzee ameketi mezani, bikari mkononi, akisanifu merikebu. Mkewe ameingia kwa haraka. Mkono mmoja ungali kwenye kitasa cha mlango, mwingine unampa mumewe barua. Mzee anageuka. Katika kitendo hicho kidogo, mtazamaji anaiona ndoa nzima.

Mchoraji huyo alizaliwa Leiden mwaka wa 1606, mwana wa msaga nafaka. Alipohamia Amsterdam mwanzoni mwa miaka ya 1630, matajiri walimkimbilia. Rangi ya mafuta hukauka polepole, naye aliitumia subira hiyo kupaka tabaka juu ya tabaka hadi nyuso zikaonekana hai. Mwaka wa 1634 aliwachora Marten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, kila mmoja kwa kimo chake kamili. Mwaka wa 2016, Uholanzi na Ufaransa zilizinunua picha hizo mbili kwa ushirikiano kwa Euro milioni 160.

Mwaka uo huo wa 1634, Rembrandt alimwoa Saskia van Uylenburgh. Mwaka wa 1639 alinunua nyumba ya fahari kwa gilda 13,000, nyingi zikiwa deni. Lakini mganga hajigangi. Watoto wao watatu wa kwanza walifariki wakiwa wachanga. Titus alizaliwa mwaka wa 1641, na mwaka uliofuata Saskia akaaga dunia.

Yaliyofuata hayakumletea sifa. Geertje Dircx, mlezi wa Titus, alimshtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Rembrandt akachangia kumfanya mwanamke huyo afungiwe katika nyumba ya kurekebishia tabia. Baadaye aliishi na Hendrickje Stoffels bila kumwoa, kwani wosia wa Saskia ungemnyima faida ya urithi endapo angeoa tena. Mwaka wa 1654 kanisa lilimzuia Hendrickje kushiriki meza ya Bwana. Miaka miwili baadaye Rembrandt alifilisika, na mali yake, pamoja na nyumba ile, ikauzwa.

Hendrickje alifariki mwaka wa 1663. Ni katika miaka hiyo ya mwisho, ya upweke na ufukara, ambapo Rembrandt alichora picha iitwayo Bibi Arusi wa Kiyahudi. Mwanamume ameweka mkono kifuani pa mwanamke, naye mwanamke ameugusa kwa ncha za vidole. Majina yao hayajulikani kwa hakika.

Titus alifariki mwaka wa 1668. Babake alimfuata mnamo Oktoba 4, 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi ndani ya kanisa la Westerkerk. Mabaki yake hayana alama. Wale wawili aliowachora wangali wameshikana mikono katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam.