Edwin Armstrong, mtu aliyepigana na makelele ya radio

Kila mtu mwenye kufungua radio FM ku Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia anatumia kazi ya ingenieri mmoja ambaye wengi hawajue jina lake. Ni Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyezaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Njo yeye aliyeleta FM. Alitafuta dawa ya ugonjwa mmoja unaojulikana na wasikilizaji wote: parasiti, ni kusema yale makelele ambayo mashini, motere na radi vinaingiza ndani ya sauti.

Alipokuwa bado mtoto, ugonjwa ulimshika na kumwachia kutingishika kwa uso na bega, na hali ile haikumwacha mpaka mwisho wa maisha yake. Jamaa ilihamia Yonkers, pembeni ya muto Hudson. Kijana yule, mwenye kupenda kukaa peke yake, alijenga katika bustani ya nyumbani anteni ya karibu metre 38 ili ashike mawimbi ya mbali. Mwaka wa 1912, akiwa mwanafunzi ku univerisite ya Columbia, aligundua namna ya kurudisha mawimbi ndani ya lampe ya radio ili yaongezeke nguvu mara nyingi. Radio zilizokuwa zinasikika kwa shida katika ekuta zikaanza kujaza chumba kizima. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alitumika Paris katika jeshi la Marekani, na pale, mwaka wa 1918, akagundua muundo mwengine ambao radio nyingi za dunia zinatumia mpaka leo. Aliuzisha kazi zake kwa makampuni makubwa na akawa tajiri. Mwaka wa 1923 akaoa Marion MacInnis, sekretere wa David Sarnoff, mkubwa katika kampuni RCA.

Parasiti zilitoka wapi

Wakati ule radio zote zilikuwa za AM. Katika AM, sauti inabebwa na nguvu ya wimbi: wimbi linapanda, linashuka, na radio inafuata. Shida iko hapo. Kila mahali umeme unaporuka, sawa vile kwenye motere, tramwei, asanseri ao mashini ya kuunganisha vyuma, cheche inatupa wimbi lake hewani. Wimbi lile linaongeza nguvu juu ya wimbi la radio, na radio haina akili ya kutofautisha. Inapokea vyote na kuvitoa kama mukwaruzo.

Hata hospitali zilikuwa na sehemu yao. Miaka ya 1930 waganga walitumia sana mashini za kupasha mwili moto kwa mawimbi, ili kutuliza maumivu ya misuli na viungo. Mashini ile ilikuwa kweli kama kituo kidogo cha radio, lakini bila kipindi. Mgonjwa alipata nafuu, huku mbali wasikilizaji wakipata makelele. Wataalamu wengi waliona kwamba hakuna la kufanya. Mwaka wa 1922 mtaalamu mmoja wa hesabu, John Carson, alionyesha kwa mahesabu kwamba kubadilisha frekansi pahali pa nguvu hakungeleta faida.

Armstrong hakukubali. Ili kuelewa wazo lake, tufikiri ngoma. Katika AM, ujumbe uko katika nguvu ya kupiga, na mtu mwengine akigonga pembeni ujumbe unaharibika. Katika FM, mpigaji anapiga kwa nguvu ileile kila mara, na ujumbe uko katika mwendo: haraka ao polepole. Sasa radio inaweza kukata kila nguvu inayozidi, na parasiti nyingi zinaenda nayo. Wengine walijaribu FM kwa kuibana katika nafasi ndogo ya frekansi. Yeye akafanya kinyume: akaipanua sana, na makelele yakashuka sana. Alipewa hati za uvumbuzi tarehe 26 Desemba 1933.

Ushindi na vita

Mwaka wa 1934 RCA ilimruhusu kuweka mashini zake juu ya jengo Empire State. Sauti ilifika zaidi ya kilometre 100, safi hata wakati wa radi. Novemba 1935 aliwaonyesha maingenieri wenzake New York. Walisikia maji yakimiminwa katika gilasi na karatasi ikipasuliwa, kila kitu wazi, katikati ya kimya ambacho hawakuwahi kusikia katika radio.

Lakini RCA ilikuwa imetia feza nyingi katika AM na ilikuwa inatayarisha televizyo. Ikamwomba aondoe mashini zake kwenye jengo lile. Akajenga kituo chake mwenyewe Alpine, New Jersey, kwa feza ya mfuko wake. Mwaka wa 1940 RCA ilitaka kumlipa dola milioni moja mara moja tu. Akakataa, juu makampuni mengine yalikuwa yanamlipa kwa kila radio inayouzishwa. Wakati wa vita vya pili aliachia jeshi la Marekani litumie FM bila kulipa, na asikari wakapata kusikilizana ndani ya vifaru vyenye motere za kunguruma.

Mwaka wa 1945 serikali ya Marekani ikahamisha FM kutoka 42 mpaka 50 megahertz na kuipeleka juu, kuanzia 88. Radio zote za FM ambazo watu walikuwa wamenunua zikakosa kazi mwishowe. Kumbe televizyo nazo zilikuwa zinatumia FM kwa sauti, na RCA haikumlipa kitu. Mwaka wa 1948 akaipeleka ku tribinali. Maavoka wa kampuni walivuta mambo miaka na miaka. Hati zake zikafika mwisho, feza ikaisha, na nyumbani ugomvi juu ya feza ukaingia. Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 Armstrong alijiua. Alikuwa na miaka 63.

Mjane hakuacha. Mwisho wa mwaka ule RCA ilikubali kulipa karibu dola milioni moja. Marion aliendelea kushitaki makampuni mengine, moja baada ya lingine, na kesi ya mwisho, ya Motorola, aliishinda mwaka wa 1967.

Yanayobaki leo

Kuhusu mashini za viwanda na hospitali, inchi za dunia zilikutana Atlantic City mwaka wa 1947 na kuzitengea frekansi zao, kwa mfano 27,12 megahertz, ili zisisumbue wengine. Nafasi ya 88 mpaka 108 njo ambayo radio za mitaa za Kongo zinatumia sasa. Lakini FM haiui kila parasiti. Kituo kikiwa mbali ao anteni ikiwa mbaya, mashini ya kusaga ao jenereta ya jirani inaweza bado kusikika. Hapo msaada ni kuinua anteni na kuisogeza mbali na mashini, juu FM inashinda makelele tu kama wimbi lake lina nguvu kuliko yale makelele. Munara wa Armstrong ungali umesimama Alpine.