Robert Noyce: Aliingia kwenye chipu kwa mtaji mdogo

Robert Noyce, mmoja wa waasisi wa biashara ya chipu za kompyuta, alizaliwa mwaka 1927 huko Burlington, Iowa, Marekani, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1956 aliajiriwa na mwanafizikia William Shockley, California. Bosi huyo alikuwa mgumu, na mwaka uliofuata Noyce na wenzake saba waliacha kazi kwa pamoja.

Tajiri Sherman Fairchild akawapa mtaji wa dola zipatazo milioni 1.4. Mwaka 1959 Noyce akabuni njia ya kuunganisha transista juu ya kipande kimoja cha silikoni. Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa ametangulia kidogo na kifaa chake, hivyo kampuni hizo mbili ziligombania hataza kwa miaka, mwisho zikapeana leseni. Aliyetaka kuingia baadaye ilibidi azilipe zote mbili.

Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore walianzisha Intel kwa dola milioni 2.5. Leo kiwanda kimoja cha chipu za kisasa hugharimu zaidi ya dola bilioni 10. Mlango ulianza kuwa mwembamba yeye akiwa hai: Wajapani walishusha bei za chipu za kumbukumbu, na mwaka 1985 Intel yenyewe ikaamua kuachana nazo. Noyce, aliyeanza kwa fedha za matajiri, sasa alikwenda Washington kuomba msaada. Mwaka 1988 akaongoza Sematech, muungano wa kampuni uliopewa na serikali dola milioni 100 kwa mwaka. Alifariki Juni 3, 1990, akiwa bado kazini.