Nathaniel Baldwin: alitengeneza kaske jikoni, akafa bila feza

Kaske ambayo watu wengi wanavaa usiku kitandani, ili wasikilize muziki bila kusumbua wale wanaolala karibu, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza kwa namna inayofanana na ya leo na Mmarekani mmoja aliyefanya kazi jikoni mwake. Jina lake ni Nathaniel Baldwin. Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1878 huko Fillmore, katika jimbo la Utah, ndani ya jamii ya Wamormoni.

Baldwin alisomea mambo ya umeme, akamalizia masomo katika chuo kikuu cha Stanford, kisha akarudi kwao kufundisha fizika mjini Provo. Kazi hiyo haikudumu. Kanisa la Wamormoni lilikuwa limetangaza tangu mwaka wa 1890 kuacha ndoa za wake wengi, lakini yeye aliendelea kutetea imani ile ya zamani, na shule ikamuondoa. Akaenda kutafuta maisha milimani, kwenye mitambo inayotoa umeme kwa nguvu ya maji.

Shida iliyomsukuma kuvumbua ilikuwa ndogo tu: ndani ya Tabernacle, jumba kubwa la ibada la Salt Lake City, hakuweza kusikia vizuri mahubiri. Akaanza kutafuta njia ya kukuza sauti. Katika vifaa vya kusikilizia vya wakati ule, sumaku ilivuta utando wa chuma moja kwa moja, na sauti ilitoka hafifu. Baldwin aliweka kipande kidogo cha chuma katikati ya ncha za sumaku, kikae sawa bila kuelemea upande wowote. Umeme kidogo sana ukipita ndani ya waya, kipande kile kinainama, na kijiti chembamba kinapeleka mtikisiko hadi kwenye utando wa mika. Ndani ya kila upande wa sikio alizungusha waya wa shaba wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Mwaka wa 1910 aliandikia jeshi la majini la Marekani. Barua iliandikwa kwa wino wa zambarau, juu ya karatasi za rangi ya buluu na waridi. Si aina ya barua ambayo maofisa wa Washington wanakimbilia kusoma. Hata hivyo ofisa mmoja, A. J. Hepburn, alikubali kujaribu kaske zile. Matokeo yalishangaza: ishara za redio zilizokuwa zinapotea zikasikika wazi. Jeshi likaomba nyingine, Baldwin akajibu kwamba anaweza kupokea oda ya kumi tu kwa mara moja, kwa sababu anazitengeneza jikoni.

Wanamaji walilalamika kwamba kaske inabana kichwa. Akabadilisha mshipi, akaweka fito mbili za waya zilizofunikwa kwa ngozi, zinazoweza kupandishwa na kushushwa. Umbo hilo bado linaonekana madukani leo. Aliposhauriwa achukue breveti, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya mshipi ule, alikataa. Kwake kilikuwa kitu kidogo mno. Kukataa huko kulikuwa na bei.

Uzuri wa kazi yake ulikuwa kutoa sauti kubwa kutoka kwa nguvu ndogo, na swali hilo halijaisha kwa mtu anayetaka muziki mzuri kando ya kitanda. Leo wimbo unafika kwa intaneti ukiwa namba tupu: kwa kiwango cha sidii, vipimo 44 100 kila sekunde, kila kimoja cha biti 16. Dakika moja inakula karibu mega 10 kama haikubanwa, na kama nusu ya hapo ikibanwa bila kupoteza kitu. Kwa hiyo anayehesabu mega zake afadhali apakue nyimbo mapema kuliko kuzivuta kila usiku. Namba zile zinageuzwa kuwa umeme na simu yenyewe au na kifaa kidogo kinachochomekwa. Kaske yenye waya inafaa zaidi hapo, maana Bluetooth kwa kawaida inabana sauti tena. Kaske nzito za studio, zenye ohm 300, mara nyingi zinahitaji kikuza sauti; zile nyepesi kupokea zinatosheka na simu.

Vita ya kwanza ya dunia ilileta oda nyingi, kisha redio za raia zikaanza mwaka wa 1920. Redio za kristali hazikuwa na betri wala umeme wa nyumbani, basi kaske inayosikia kidogo ilitafutwa kama dhahabu. Katikati ya miaka hiyo, hospitali ya York, Uingereza, iliweka kaske kando ya vitanda vya wagonjwa. Kiwanda cha Baldwin huko Mill Creek kilikuwa na wafanyakazi wapatao 150 mwaka wa 1922. Kampuni ya upande wa mashariki iliwahi kumuomba ahame, akakataa kuacha Utah.

Moyo wake ndio uliomponza. Aliwaajiri watu waliofukuzwa kwa imani ya wake wengi, akawapa feza na kuingia katika biashara zao bila kuchunguza. Mwaka wa 1924 kampuni yake ilishindwa kulipa madeni. Akajaribu tena kwa kuuza hisa kwa njia ya posta, na korti ikamhukumu kwa udanganyifu. Alifungwa karibu miaka miwili katika gereza la McNeil Island. Ni vigumu kumuona kama mwizi: alipoteza zaidi kuliko wengi waliomfuata.

Alipotoka, kiwanda hakikuwa chake tena. Aliishi miaka karibu thelathini zaidi katika umaskini, na akafariki Salt Lake City tarehe 19 Januari 1961, akiwa na miaka 82. Kipande chake cha chuma kinachokaa sawa kati ya sumaku bado kinafanya kazi, kikiwa kimepunguzwa sana, ndani ya vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri na ndani ya vile vidogo vinavyoingizwa masikioni na wanamuziki jukwaani.