Stihl alipambana na uzito wa msumeno

Mpasua mbao wa Sumbawanga anayechagua kati ya Stihl na Husqvarna, ajue kuwa Stihl ni jina la mtu. Andreas Stihl alizaliwa Zurich, Uswisi, mwaka 1896. Mwaka 1926 alianzisha kampuni yake Stuttgart, Ujerumani, akatengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme wenye kilo 48, mzigo wa watu wawili! Miaka mingi alihangaika kuupunguza. Mwaka 1959 ikatoka Contra ya petroli, kilo 12 hivi. Mwaka huohuo Husqvarna ya Sweden nayo ikatoa msumeno wake wa kwanza. Stihl alitaka pia misumeno iuzwe na wakala mwenye fundi na vipuri. Kwa anayeshinda kwenye milingoti ya Ufipa, hilo lipimwe kabla ya bei. Alifariki mwaka 1973.