Hiram Maxim: Bunduki moja, majeshi mawili hasimu

Bombomu, bunduki ya rasharasha iliyopewa jina hilo kwa mlio wake, ilikuwa kazi ya Hiram Maxim, Mmarekani aliyezaliwa katika jimbo la Maine mwaka 1840.

Maxim hakuwa mwanajeshi. Alikuwa fundi, na kabla ya silaha alishughulikia taa za umeme. Baada ya kuhamia London, alibuni bunduki inayojipakia yenyewe: msukumo wa kila risasi ulitoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Mpigaji alibonyeza tu kifyatulio, na risasi zipatazo 600 zilitoka kwa dakika moja.

Kubuni ni jambo moja, kupata mnunuzi ni jingine. Mwaka 1884 Maxim alianzisha kampuni akisaidiwa na familia ya Vickers, wenye viwanda vya chuma. Wateja wa biashara hiyo walikuwa serikali, hivyo alizunguka Ulaya akiwaonyesha majenerali na watawala namna bunduki inavyofanya kazi. Uingereza ilinunua. Ujerumani nayo iliipenda, na kiwanda cha Berlin kikapata kibali cha kuitengeneza.

Waafrika walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuonja ukali wake. Agosti 30, 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, wapiganaji walioshambulia boma la Wajerumani huko Mahenge walipokewa kwa bunduki za rasharasha. Wengi waliuawa.

Kisha zamu ya Ulaya ikafika. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walikabiliana kwa silaha zenye asili moja. Siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Julai 1, 1916, zaidi ya wanajeshi 19,000 wa Uingereza walikufa, wengi wao kwa bunduki za Kijerumani zilizotokana na ubunifu wa Maxim.

Wakati huo yeye alikuwa raia wa Uingereza, aliyepewa cheo cha heshima mwaka 1901. Alifariki dunia London Novemba 24, 1916, siku sita baada ya mapigano hayo kumalizika.

Biashara ya Maxim ilikuwa halali. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 Marekani na Uingereza ziliunda tume kuchunguza faida ya kampuni binafsi za silaha. Biashara hiyo haikusimama. Viwanda viliuza pande zote, na raia wakalipa mara mbili: kwa kodi iliyonunua silaha, na kwa maisha ya vijana wao.